Utalii wa kimataifa na uchumi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Swali linaloulizwa kuliko yote ni nchi fulani ilipata watalii wangapi. Ni rahisi kulijibu na halina faida kubwa. Majibu ya hapa chini yanafuata fedha badala ya vichwa: zinaingilia wapi, nani anazishika, na ngapi zinabaki.

Nani hasa anahesabiwa kuwa mtalii wa kimataifa?

Ni mtu aliyevuka mpaka na kutoka nje ya mazingira yake ya kila siku, kwa muda usiofika mwaka mmoja, kwa sababu yoyote isipokuwa kuajiriwa na mwajiri wa nchi anayokwenda. Mapumziko ni sababu moja tu kati ya nyingi. Anayekwenda mkutanoni, anayemtembelea shangazi yake, anayekwenda hija na anayekwenda kutibiwa wote ni watalii kwa mujibu wa mapendekezo ya takwimu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2008. Sharti lingine ni kulala. Asiyelala hata usiku mmoja ni mgeni wa siku moja, na huandikwa kwenye safu yake.

Takwimu nyingi za nchi hutoka idara ya uhamiaji, na uhamiaji huhesabu maingilio, si watu. Mtu mmoja aliyeingia mara tatu kwa mwaka anakuwa watalii watatu. Mfanyabiashara wa mpakani anayevuka kila wiki hapaswi kuwemo, ila mara nyingi anaingizwa kwa sababu fomu haina sehemu ya kumtenga. Kabla ya kushangilia ongezeko la asilimia 20, uliza kama kituo kipya cha mpakani hakikuanza kutuma takwimu zake mwaka huo huo.

Kwa nini utalii unaitwa mauzo ya nje wakati hakuna kinachopakiwa melini?

Kwa sababu anayelipa anatoka nje na fedha yake inatoka nje. Kwenye kahawa au shaba, bidhaa husafiri kumfuata mnunuzi. Kwenye utalii mnunuzi ndiye anayesafiri kuifuata huduma, analala, anakula, anazunguka, kisha anaondoka na kuacha fedha za kigeni. Katika mizani ya malipo ya nchi, yaani hesabu ya fedha zote zinazoingia na kutoka, fedha hizo huandikwa chini ya huduma, kwenye mstari wa safari.

Nauli ya ndege haimo kwenye mstari huo. Inaandikwa chini ya usafirishaji, tena pale tu shirika la ndege linapokuwa la nchi husika. Mgeni akija na shirika la nchi nyingine, nauli yake haikuingia nchini kabisa. Kwa upande mwingine, mstari wa safari unabeba matumizi ya wanafunzi na wagonjwa wa kigeni hata wakikaa zaidi ya mwaka. Ndiyo maana takwimu ya benki kuu na ya wizara ya utalii zinaweza kutofautiana sana bila yeyote kudanganya.

Na kila mauzo yana upande wake wa pili. Raia anayekwenda likizo nje ya nchi yake anaagiza huduma kutoka nje, sawa na aliyeagiza gari. Ujerumani inapokea wageni wengi, lakini raia wake hutumia ng'ambo fedha nyingi zaidi ya zile wageni wanazoacha Ujerumani. Hispania ni kinyume chake.

Sekta hii ina ukubwa gani duniani?

Mwaka 1950 watalii wa kimataifa walikuwa takriban milioni 25. Mwaka 2019 walifika karibu bilioni 1.5. Janga la UVIKO-19 likawashusha hadi takriban milioni 400 mwaka 2020, na kufikia 2024 walikuwa wamerudi kwenye bilioni 1.4 hivi, kwa hesabu za Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Madrid. Mapato yaliyoachwa na wageni kwenye nchi walizofikia yalikuwa kama dola trilioni 1.5 mwaka 2019. Ukijumlisha nauli za kimataifa za abiria, yanafika trilioni 1.7, takriban asilimia 7 ya mauzo yote ya nje ya dunia, bidhaa na huduma pamoja.

Hiyo ni sehemu ndogo ya utalii wote. Fedha nyingi zaidi za utalii duniani hutumiwa na watu wanaotembea ndani ya nchi zao. Lakini hao hawaleti fedha za kigeni, wanahamisha fedha kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine. Kwa nchi inayohitaji dola za kununulia mafuta na dawa, tofauti hiyo ni kubwa.

Wengine wanasema utalii ni asilimia 3 au 4 ya pato la dunia, wengine wanasema 10. Nani yuko sahihi?

Wote wawili. Takwimu ndogo ni mchango wa moja kwa moja: thamani inayoongezwa na hoteli, mashirika ya ndege, wakala wa safari, migahawa na waongoza watalii wanapomhudumia mgeni. Kubwa ni ya Baraza la Dunia la Usafiri na Utalii, WTTC, ambalo kwa mwaka 2019 lilitoa asilimia 10.4 na ajira milioni 334. Hesabu hiyo inaongeza wanaowauzia hoteli bidhaa, ujenzi wa hoteli mpya, matumizi ya serikali kwenye utalii, na hata yale wafanyakazi wa sekta wanayonunua kwa mishahara yao. Kumbuka pia kwamba WTTC ni baraza la kampuni za sekta yenyewe, na kila sekta hupenda kuonekana kubwa.

Chombo bora zaidi cha hesabu hizi ni akaunti ya satelaiti ya utalii. Inaanzia kwenye hesabu za taifa, kisha inauliza kila tasnia: kwa kila fedha uliyouza, ngapi zilitoka kwa wageni? Mgahawa unaouza asilimia 70 ya chakula kwa wenyeji hauhesabiwi wote kuwa utalii. Ni kazi ya gharama, inataka tafiti za matumizi ya wageni wanapoondoka na takwimu nzuri za biashara. Nchi zisizo nazo hukadiria, na ukadiriaji huo ndio unaonukuliwa kana kwamba umepimwa.

Nchi yenye wageni wengi ndiyo inayopata fedha nyingi?

Hapana. Ufaransa imeongoza kwa miaka mingi kwa idadi ya watalii, lakini Marekani, yenye wageni wachache zaidi, ndiyo inayoongoza kwa mapato. Hispania nayo huipita Ufaransa kwa mapato ingawa iko nyuma yake kwa idadi. Ufaransa iko katikati ya njia: wengi hulala usiku mmoja au miwili wakielekea kusini. Anayevuka bahari kwenda Marekani hukaa siku nyingi, kwa sababu nauli yake haimruhusu kwenda kwa wikiendi.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: mapato ni idadi ya wageni, mara siku wanazokaa, mara wanachotumia kwa siku. Wizara nyingi hupigania kiungo cha kwanza kwa sababu kinaonekana kwenye picha za uwanja wa ndege. Kiungo cha pili ndicho cha bei nafuu zaidi kukiongeza: siku moja ya ziada kwa mgeni aliyekwishafika haihitaji tangazo, ndege wala viza mpya. Inahitaji kitu cha kufanya siku hiyo na barabara ya kufikia huko.

Mgeni akilipa dola 2,000 kwa safari, ngapi zinabaki nchini?

Tufuate mfano mmoja. Namba ni za kubuni kwa ajili ya hesabu, lakini mpangilio wake ni wa kawaida kwa kifurushi cha wiki moja kilichouzwa katika nchi anakotoka mgeni.

Kati ya 2,000, tuseme 800 ni nauli ya shirika la ndege la kigeni na 300 ni za wakala aliyeuza safari: mishahara yake, matangazo, faida. Zinazovuka mpaka ni 900. Kati ya hizo, 600 zinakwenda hotelini na 300 kwa kampuni ya utalii ya nchini inayompokea mgeni.

Hoteli inagawa 600 zake hivi: mishahara 160, chakula na huduma zilizonunuliwa nchini 120, kodi 40. Jumla 320 zimebaki. Zilizosalia ni bidhaa zilizoagizwa nje 100, dizeli ya jenereta 50, ada ya kampuni ya kimataifa inayoiendesha hoteli pamoja na matangazo yake 50, riba ya mkopo wa benki ya ng'ambo 50, na faida ya mwenye hoteli anayeishi nje 30. Hizo 280 zinatoka tena.

Kampuni ya utalii inalipa viingilio vya hifadhi na makumbusho 100, mishahara ya mwongozaji na dereva 70, inabaki na faida 60, na inatumia 70 kwa mafuta na vipuri vya gari kutoka nje. Zimebaki 230.

Jumla ya zilizobaki ni 550. Sasa angalia mtego. Ukigawanya kwa 2,000, unapata asilimia 27.5 na unaandika kichwa cha habari kwamba zaidi ya asilimia 70 ya fedha za utalii zinavuja. Ukigawanya kwa 900, ambazo ndizo zilizowahi kuingia, zimebaki asilimia 61. Safari ni ile ile. Takwimu kali za uvujaji zinazozunguka miaka nenda rudi mara nyingi hazisemi kigawanyo chao, na bila kigawanyo hazina maana. Nauli ya ndege ya kigeni haikuvuja, haikuwahi kuingia. Ni haki kulalamika kwamba nchi haipati sehemu yake ya nauli, ila hilo ni lalamiko lingine.

Hesabu hii pia haijagusa fedha za mfukoni: vinyago, teksi, bahashishi, chakula cha mjini. Hizo kwa kawaida ndizo zinazobaki kwa kiwango kikubwa zaidi, kwa sababu hazipiti kwa mtu wa kati. Kwenye hoteli ambazo kila kitu kimelipiwa kabla, hizo ndizo zinazokosekana: mgeni hana sababu ya kutoka getini.

Uvujaji unapunguzwaje?

Kwa kuangalia mistari ya hesabu hapo juu mmoja mmoja na kuuliza upi unaweza kubadilishwa. Riba na gharama ya ndege mpya hazishughulikiwi na kampeni. Chakula kinashughulikiwa.

Wengi huanza kwa amri: hoteli zote zinunue mazao ya nchini. Amri hiyo hushindwa, na sababu zake zinajulikana. Mpishi mkuu anataka kilo 80 za nyanya za ukubwa mmoja kila Jumanne na Ijumaa saa 12 asubuhi, mwaka mzima. Mkulima mdogo ana kilo 300 mwezi mmoja na hana kitu miezi miwili inayofuata. Hoteli hulipa baada ya siku 30 hadi 60, mkulima anataka fedha leo. Hoteli inataka risiti ya kodi, mkulima hana. Na samaki akikosa barafu kwa saa chache tu, mpishi hatakubali kumpokea, kwa sababu mgeni mmoja akiugua tumbo habari hufika mtandaoni usiku huo huo.

Kinachofanya kazi ni kuweka mtu au ushirika katikati mwenye mambo manne: chumba cha baridi, gari, mtaji wa kumlipa mkulima papo hapo huku akisubiri malipo ya hoteli, na kalenda ya upandaji iliyotengenezwa kutokana na idadi ya vitanda vilivyowekewa nafasi. Anza na vitu vinavyoharibika upesi na vizito kusafirisha, kama mboga za majani, mayai na matunda. Hapo bidhaa ya nje haina ubavu. Jibini na divai viache vya mwisho.

Mstari mwingine unaobadilika ni kamisheni. Hoteli ndogo inayouza vyumba kupitia majukwaa ya kimataifa ya mtandaoni kwa kawaida huacha asilimia 15 hadi 25 ya bei ya chumba huko. Kuyaacha kabisa ni kujizika, kwani huko ndiko wageni wanakotafutia. Njia ya kawaida ni kumpata mgeni mara ya kwanza kupitia jukwaa, kisha kumpa sababu ya kuweka nafasi moja kwa moja safari ijayo: chumba bora, usafiri kutoka uwanja wa ndege, au muda mrefu zaidi wa kuondoka. Soma mkataba kwanza, kwa sababu baadhi ya mikataba inakataza kutangaza bei ya chini kuliko ya jukwaani.

Kizidishi cha utalii kinakokotolewaje?

Mhudumu wa hoteli akilipwa, ananunua unga, analipa ada ya shule, anapanda daladala. Fedha ile inakuwa kipato cha mwingine, naye anaitumia. Kizidishi kinasema mzunguko huo unaikuza dola ya kwanza mara ngapi. Ikiwa katika kila dola ya kipato watu hutumia senti 50 kwa vitu vya ndani, na senti 50 nyingine zinakwenda kwenye akiba, kodi na bidhaa za nje, kizidishi ni 1 gawanya kwa 0.5, yaani 2. Ikiwa ni senti 30 tu zinazotumika ndani, ni 1 gawanya kwa 0.7, karibu 1.43. Kisiwa kidogo kinachoagiza kila kitu kina kizidishi kidogo. Nchi kubwa yenye viwanda ina kikubwa.

Makosa ni mawili. La kwanza ni kuzidisha kiasi kisicho chake. Katika mfano wetu unazidisha 550, si 2,000 wala 900. La pili ni gumu zaidi kuliona: kizidishi kinadhani kuna watu na mitambo iliyokaa bure. Kama mhudumu mpya ametolewa kwenye kiwanda kilichokuwa kinamhitaji, uchumi umemhamisha tu. Ripoti za kuombea misamaha ya kodi hazikumbuki jambo hili.

Ajira zake ni nzuri?

Ni nyingi na zinafunguka haraka, hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Hoteli ya kifahari kwenye nchi yenye mishahara ya chini inaweza kuwa na wafanyakazi wawili kwa kila chumba. Ya bei nafuu kwenye nchi tajiri huwa na mmoja kwa vyumba vitatu au vinne. Wanawake ni zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa sekta duniani, na kijana asiye na shahada anaweza kuanzia jikoni akapanda.

Udhaifu wake ni msimu. Chukua hoteli ya vyumba 100. Kwa mwaka ina usiku 36,500 wa kuuza. Ikijaa kwa asilimia 90 kwa miezi minne na 35 kwa miezi minane, wastani wa mwaka ni asilimia 53 hivi. Riba, ulinzi na umeme wa msingi vinalipwa miezi yote 12, na chumba kilicholala wazi jana hakiuziki leo. Kwa hiyo mwenye hoteli anapunguza kile pekee anachoweza kupunguza, watu. Mkataba wa miezi sita, likizo bila malipo, kuanza upya kila mwaka. Mfanyakazi wa namna hiyo hapati mkopo wa nyumba, na mwajiri naye hana hamu ya kumlipia mafunzo mtu ambaye huenda asirudi.

Serikali inapata nini?

Kodi ya ongezeko la thamani, kodi ya mapato ya kampuni na ya mishahara, ada za viza, viingilio vya hifadhi, tozo ya kuondoka na tozo ya kitanda. Japani, kwa mfano, hutoza kila anayeondoka, na ilianza kwa yeni 1,000 mwaka 2019. Maldives ilipandisha kodi yake ya kijani kwenye hoteli za visiwani kutoka dola 6 hadi 12 kwa mtu kwa usiku mwanzoni mwa 2025. Bhutan ilipandisha tozo yake ya kila usiku kutoka dola 65 hadi 200 mwaka 2022, ikaishusha hadi 100 mwaka uliofuata.

Tozo ya kiasi kimoja kwa usiku humuumiza anayelala chumba cha bei ya chini na haionekani kwa anayelala chumba cha kifahari. Ya asilimia, kama ile ya Amsterdam iliyopandishwa hadi asilimia 12.5 mwaka 2024, inafuata bei, lakini inataka hesabu za hoteli ziwe za kweli.

Kosa kubwa kuliko kiwango chenyewe ni kutangaza ghafla. Kampuni za ng'ambo huchapisha bei zao miezi 12 hadi 18 kabla ya safari. Tozo ikitangazwa leo ianze mwezi ujao, mgeni amekwishalipa bei ya mwisho, na anayebeba mzigo ni kampuni ya nchini iliyotia saini mkataba. Tangaza tozo mwaka mmoja kabla, na malalamiko yatapungua kwa nusu.

Sarafu ikishuka thamani, utalii unanufaika?

Pale bei zinapowekwa kwa sarafu ya nchi, ndiyo, tena upesi. Yeni ilipokuwa dhaifu mwaka 2024, Japani ilipokea karibu wageni milioni 37, rekodi kwa wakati huo, na walitumia zaidi ya yeni trilioni 8. Kwenye nchi ambazo hoteli hutoza kwa dola au yuro, mgeni haoni nafuu yoyote. Nafuu anaipata mwenye hoteli, kwa sababu mishahara anayolipa kwa sarafu ya nchi imepungua thamani ikipimwa kwa dola.

Nini hutokea wageni wasipokuja?

Hakuna mauzo ya nje yanayoweza kukatika ghafla kama haya. Thailand ilipokea karibu wageni milioni 40 mwaka 2019. Mwaka 2021 hawakufika nusu milioni. WTTC ilikadiria ajira milioni 62 zilipotea duniani mwaka 2020. Sri Lanka ilipigwa mara mbili, mashambulizi ya Pasaka ya 2019 kisha janga, na Aprili 2022 ikasimamisha kulipa madeni yake ya nje. Utalii haukuwa sababu pekee: kodi zilikuwa zimepunguzwa na madeni yalikuwa mazito. Ila dola za watalii ndizo zilizokosekana wakati zilipohitajika zaidi.

Wakati mwingine si vita wala ugonjwa, ni shirika moja la ndege. Nchini Iceland, ambako utalii ulikuwa umeupita uvuvi kwa fedha za kigeni tangu 2013, shirika la WOW air lilifilisika Machi 2019 na idadi ya wageni ikashuka mwaka huo huo, kabla virusi havijajulikana.

Hatua za tahadhari zipo. Hesabu asilimia ya wageni wanaotoka soko moja na wanaoletwa na shirika moja la ndege. Theluthi moja ni dalili ya hatari. Soma bima ya kukatika kwa biashara, kwa sababu nyingi hazilipi magonjwa ya mlipuko. Tenga akiba ya miezi kadhaa ya mishahara kutoka msimu wa wageni wengi. Na jenga soko la ndani mapema, si siku ya dharura: mwenyeji aliyezoea kuona bango la bei ya dola hatakuja kwa sababu tu Wazungu hawapo. Maldives ilifungua milango Julai 2020, mapema kuliko wengi, ikisaidiwa na mpangilio wake wa hoteli moja kwa kisiwa kimoja. Jiografia hiyo haiigiki.

Utalii unaweza kuuumiza uchumi?

Unaweza, hasa kupitia bei ya nyumba na ya ardhi. Fleti inayoingiza kwa wiki moja ya watalii kiasi ambacho mpangaji hulipa kwa mwezi haitabaki kwa mpangaji. Barcelona ilitangaza mwaka 2024 kwamba haitahuisha leseni za fleti zake za watalii zipatazo 10,000, ili ifikapo Novemba 2028 zirudi kwa wakazi. Venice ilianza mwaka huo kutoza yuro 5 kwa wageni wa siku moja katika siku zenye msongamano.

Madhara mengine ni ya polepole. Fedha nyingi za kigeni hupandisha thamani ya sarafu, na mwenye kiwanda cha nguo anajikuta hawezi kuuza nje. Fundi umeme anahamia hoteli, mwalimu wa lugha anakuwa mwongozaji. Nchi inabaki na mguu mmoja.

Meli kubwa za kitalii zinaingiza kiasi gani?

Chini ya inavyoonekana bandarini. Abiria hulala melini na kula melini, ndiyo maana kitakwimu ni mgeni wa siku moja. Ziara za nchi kavu huuzwa humo humo melini, na sehemu nene ya bei hubaki huko. Bandari ambayo meli inapita kwa saa nane hupata ada kwa kichwa na mauzo ya vitu vidogo. Bandari ambako safari inaanzia ndiyo inayonufaika, kwa sababu abiria hulala hotelini kabla na baada, na meli hununua vyakula, maji na mafuta. Ukialikwa kuchangia ujenzi wa gati, uliza kwanza ni bandari ya aina gani.

Je, utalii umewahi kuitoa nchi kwenye umaskini?

Cape Verde ilitoka kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi mwaka 2007, Maldives mwaka 2011, na katika zote mbili utalii ulikuwa nguzo. Ni visiwa vyenye watu wachache, hivyo fedha kwa kila mkazi ni nyingi. Kwa nchi ya watu milioni 60, mapato yale yale ni kidogo kwa kila mtu, na utalii unabaki kuwa chanzo cha dola za kuagizia mashine, si mwajiri wa taifa zima.

Kuwagawia mapato majirani wa hifadhi ni suala la kanuni, si la nia njema. Rwanda hutoza wageni kutoka nje ya Afrika dola 1,500 kwa kibali kimoja cha kuwaona gorila wa milimani tangu 2017, na hutenga asilimia 10 ya mapato ya hifadhi kwa jamii zinazozizunguka. Asilimia ya mapato hukaguliwa kwa urahisi. Asilimia ya faida, ambayo wawekezaji hupenda kuahidi, inaweza kuwa sifuri kila mwaka kihalali kabisa.

Nikisoma takwimu za utalii, nikague nini?

Kwanza, ni watalii waliolala au wageni wote? Pili, mapato yanajumuisha nauli au la? Tatu, ni dola za leo au zimeondolewa mfumuko wa bei? Rekodi nyingi za mapato zinazotangazwa baada ya 2022 hupungua sana ukiondoa kupanda kwa bei. Nne, mwaka wa kulinganisha ni upi? Ukilinganisha na 2021, kila nchi ni shujaa. 2019 ni kipimo kigumu zaidi.

Tano, kalenda. Usilinganishe Machi na Februari, linganisha na Machi ya mwaka uliopita, na hata hapo angalia sikukuu. Pasaka huhama kati ya Machi na Aprili, hivyo miezi hiyo miwili isomwe kwa pamoja. Ramadhani huja mapema zaidi kwa takriban siku 11 kila mwaka, na masoko ya nchi za Ghuba husogea nayo.